Kundi la Tatu: salmonela kwenye bomba la maji ya kuku, Mikindani

Kipande cha bomba bado kipo mezani kwangu. Hakifiki shibiri. Ni bomba jeupe la plastiki la nusu inchi, lile ambalo halikosekani duka lolote la vifaa vya ujenzi Mtwara. Nilikipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Nje hakina doa. Ndani, upande uliokuwa chini, kuna ukoko mweupe wa chokaa, na juu ya ukoko kuna kitu cha kahawia ambacho sasa kimekauka na kubanduka kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Siku nilipokikata kilikuwa kibichi, kinateleza kidoleni kama mlenda uliolala, na kilinuka kama mtungi uliosahauliwa na maji yake.

Kwa miezi minane nilitibu kuku, nikatibu maji, nikatibu banda. Bomba sikuligusa.

Mfugaji nitamwita Mwalimu, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao Mikindani. Ana mikorosho michache iliyoachwa na marehemu mumewe, na malipo ya korosho ya msimu ule ndiyo yaliyojenga banda. Ameniruhusu kukiandika kisa hiki kwa sharti nisimtaje jina. Sharti la pili nimelitunga mwenyewe: makosa yangu niyaandike kama yalivyokuwa.

Banda ni la matofali hadi kiunoni, juu waya, paa la bati. Ndani limegawanywa kwa waya vyumba vitatu vya kuku mia mia. Maji yanatoka kisima cha jirani, kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe kama visima vingi vya pwani hii, yanapandishwa kwenye simtank la lita 1,000, yanashuka hadi ndoo ya lita 20 iliyotundikwa mlangoni mwa banda, na kutoka hapo yanaingia kwenye bomba lenye chuchu, zile za chuma ambazo kuku akizidonoa tone linatoka. Bomba linapita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, urefu wa mita 12, na mwishoni limezibwa kwa kizibo cha gundi. Linaning'inia kwa kamba, kuku wakikua unalipandisha. Hiyo ndoo ya lita 20 wanaiita ndoo ya dawa. Naomba msomaji aikumbuke.

Kundi la kwanza lilifika Januari, vifaranga 300 chotara, usiku mzima kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Wiki ya pili wakaanza kujikunyata, mabawa chini, kinyesi cheupe kimeganda kwenye haja. Walikufa wachache. Niliandika oksitetrasaiklini, aina ya antibayotiki, siku tano na vitamini siku saba, vyote kwenye maji. Vifo vikakoma. Nikajiona bingwa. Mwezi wa nne wakauzwa wote, na Mwalimu akapata faida ya kumtosha kuagiza wengine.

Kundi la pili, mwezi wa tano, halikusubiri wiki ya pili. Lilianza siku ya tano.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, wameanza tena."

Alinipa daftari. Ni daftari la mahudhurio la shule, lile lenye mistari ya bluu na vyumba vidogo, na ndani yake kila siku ameandika waliopo, wagonjwa na waliokufa kwa chumba, kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kuona kumbukumbu za banda zilizotunzwa namna ile, na nimetembelea mashamba makubwa. Hadi wiki tatu kumalizika daftari lilionyesha hivi: chumba cha kwanza wamekufa 6, cha pili 11, cha tatu 29.

Jibu lilikuwa limeandikwa pale kwa wino mwekundu, na mimi nikalisoma vibaya. Chumba cha tatu kinaelekea baharini. Ilikuwa Mei, kusi imeshaanza kuvuma, na usiku ule upepo unapita kwenye waya mpaka unausikia. Nikasema vifaranga wanapigwa baridi, watundike viroba upande huo na waongeze jiko la mkaa. Maelezo yalikuwa na akili. Ndiyo maana yalikuwa hatari, kwa sababu kosa lenye akili hukaa muda mrefu kuliko la kijinga.

Nilipasua vifaranga wanne. Kiini cha yai kilikuwa bado kimo tumboni hakijanyonywa, ini limevimba na lina madoa madogo meupe, na vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vimejaa uchafu mgumu kama jibini. Mtu wa mifugo akiona hayo matatu pamoja anaanza kuifikiria salmonela, bakteria wa utumboni, kabla hajanawa mikono. Nilipeleka maini maabara, jibu likarudi: salmonela, na haisikii tena oksitetrasaiklini. Tukabadilisha dawa. Nikachukua na maji, chupa moja koki ya simtank, nyingine chuchu ya kwanza mlangoni. Chupa zote mbili zikarudi hazina kitu.

Hapo nikatoa ushauri ambao ningempa mtu yeyote, na ambao vitabu vinauunga mkono: toa kuku wote wakishauzwa, toa maranda, osha sakafu, paka chokaa, pulizia dawa, kisha pumzisha banda wiki tatu. Na kwa usalama tia klorini kwenye simtank, miligramu 3 kwa lita, ambayo kwa klorini ya unga ya asilimia 65 ni kama gramu nne na nusu kwa simtank zima, kijiko kimoja cha chai. Mwalimu alifanya yote. Namjua, hakuruka hata moja.

Kundi la tatu lilifika mwisho wa Agosti. Kufikia siku ya tisa walikuwa wamekufa 71. Tisa, kumi na saba, arobaini na watano.

Nilifika nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya banda, daftari magotini, hajalifungua. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Baridi imekwisha, mwanangu, na viroba vipo." Kusi ilikuwa imeshalegea kweli. Hesabu ya vyumba ilikuwa ile ile.

Kijana anayemsaidia bandani ndiye aliyelifungua jambo, naye hakuwa anajibu swali langu. Alikuwa analalamika. Alisema chuchu za chumba cha tatu zinamchosha, kila siku mbili moja inaziba, anaichomoa na kuichokonoa kwa kijiti, na kinachotoka ni "makamasi". Nikamwambia anionyeshe. Akachomoa moja, akaigonga kwenye kiganja changu, na hapo kikadondoka kibonge cha ute wa kahawia, kikubwa kama punje ya choroko.

Tuliukata mwisho wa bomba siku ile ile.

Nieleze sasa kilichokuwamo, maana hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Tunazoea kumfikiria bakteria kama kitu kinachoogelea peke yake majini, na dawa kama kitu kinachomkuta na kumuua. Maabara nazo hufanya kazi kwa mtindo huo: unachota maji, unaotesha, unahesabu. Lakini bakteria walio wengi duniani hawaishi hivyo. Wanakaa ukutani. Wakipata sehemu yenye unyevu wanajibandika, wanazaana, wanatoa ute unaowafunika, na ule ute pamoja na waliomo ndani yake ndio wataalamu wanaouita bayofilimu. Mimi nitauita utando. Utelezi wa jiwe la mtoni ni utando, na ukungu wa meno asubuhi ni utando. Ute wa ndani ya mtungi wa maji ambao mama zetu wanausugua kwa mchanga nao ni huo huo, na hawakumsubiri mtu wa maabara awaambie kwamba kumimina maji mapya hakutoshi.

Utando wa kwenye bomba ni mji wa makabila mengi. Bakteria wa kawaida wa majini ndio wenyeji, salmonela ni mpangaji. Lakini huyu mpangaji naye anajua kujenga. Ana aina mbili za vifaa. Ya kwanza ni nyuzi za protini ziitwazo kurli, nyembamba sana na ngumu, zinazosokotana na kushika ukuta. Ya pili ni selulosi, ndiyo hiyo hiyo ya pamba na karatasi. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani, akiwamo Ute Römling, ndio waliobainisha kwamba salmonela huitengeneza na kuichanganya na kurli, mfano wa udongo na fito kwenye ukuta wa nyumba zetu. Maabara wana njia nzuri ya kuwaona wajenzi: unawaotesha kwenye sahani yenye rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, na wanaojenga wanaota wakiwa wekundu, wakavu, wamekunjamana kama kitambaa kilichofinyangwa. Wasiojenga wanaota laini.

Lililonikaa kichwani zaidi ni suala la joto. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hadi 42. Humo, salmonela kwa kawaida haijengi. Inaogelea, inapenya ukuta wa utumbo, inafika kwenye ini. Ikitoka nje, ikakuta mahali penye nyuzi zisizofika 30, chumvi kidogo na chakula cha kubahatisha, inabadilika. Ndani ya seli unapanda ujumbe mdogo wa kikemikali, swichi moja iitwayo CsgD inawashwa, mkia wa kuogelea unaachwa, ujenzi unaanza. Aina za Enteritidis na Typhimurium, ambazo ndizo tunazokutana nazo sana kwa kuku, nyingi zina tabia hiyo. Sasa chukua maji ya kisima cha Mikindani, nyuzi 27 au 28, yasimamishe kwenye bomba lililozibwa mwisho.

Na nani aliyeyasimamisha? Mimi, niliposema banda lipumzike wiki tatu. Sakafu ilipumzika kweli. Maranda yalitoka, jua likaingia, chokaa ikapakwa. Bomba lilikuwa limejaa maji muda wote ule, juu ya vichwa vyetu, halina kuku wa kuyavuta, halina klorini mpya inayopita. Wiki tatu za kupumzisha banda zilikuwa wiki tatu za amani kwa mji wa ndani ya bomba. Kila kundi jipya lilikuta mji mkubwa kuliko kundi lililotangulia, na ndiyo sababu vifo vilianza wiki ya pili, kisha siku ya tano, kisha mapema zaidi.

Halafu ile ndoo ya dawa. Vifaranga waliotoka safarini hupewa glukosi. Baadaye vitamini. Baadaye antibayotiki, ambayo unga wake mara nyingi umechanganywa na sukari ya maziwa ili iyeyuke na kupimika vizuri. Vyote hivyo vilimiminwa kwenye ndoo na kupita kwenye bomba. Tulichokuwa tukiwalisha vifaranga kwa siku kumi na mbili tulikuwa tunawalisha na wakazi wa ukutani, tena wao kwanza. Sukari ikipita, utando unanenepa. Antibayotiki ikipita, wanaoogelea wanakufa, walio nje ya utando wanakufa, na walio ndani kabisa, wanaokula kidogo na karibu hawagawanyiki, wanabaki. Dawa nyingi hushambulia kazi ambayo seli inaifanya. Seli iliyolala haina kazi ya kushambuliwa. Dawa ikiisha wanaamka, na kipande cha utando kikibanduka kikaingia kwenye tone moja la chuchu ya chumba cha tatu, kifaranga wa siku nne anameza bakteria maelfu kwa mpigo.

Ndiyo maana pia chupa zangu za maji zilirudi safi. Nilichota mwanzo wa bomba, tena maji yanayopita. Utando hautoi bakteria kila dakika, unatoa kwa mafungu. Kumchunguza bakteria wa ukutani kwa kuchota maji ni kama kuhesabu watu wa Mikindani kwa kusimama barabarani saa saba mchana.

Klorini nayo ilikuwa na vikwazo vitatu, na sikukifikiria hata kimoja. Ute wenyewe huila klorini. Kabla haijafika chini imeshamalizwa juu. Kikwazo cha pili ni ukoko wa chokaa. Maji ya kwenye matumbawe ni magumu, kila jikoni huku birika lina magamba meupe, na bomba lilikuwa na magamba hayo hayo, yenye vitundu ambavyo bakteria wanajificha humo kama kaa kwenye mwamba. Cha tatu ni pH ya maji, kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua na magadi yanaongezeka. Klorini inayoua kwa nguvu ni ile iliyo katika umbo la asidi. Kwenye pH 7.5 nusu yake iko hivyo. Kwenye pH 8.5 inabaki kama sehemu moja kwa kumi, iliyobaki ni dhaifu mno. Nilipopima maji ya Mwalimu kwa karatasi ya rangi yalikuwa karibu na 8.5 kuliko 7.5. Kijiko changu cha chai kilikuwa kinafanya kazi ya punje.

Maabara walipokea vijiti vitatu vya pamba nilivyosugulia ndani ya bomba: cha chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu. Waliviweka usiku mzima kwenye maji ya peptoni, yenye chakula cha bakteria, kwa sababu bakteria waliochakazwa na klorini wanahitaji kwanza kupata nguvu, ndipo wakahamishiwa kwenye mchuzi wa kuchuja na hatimaye kwenye sahani. Kijiti cha kwanza hakikutoa kitu. Cha pili na cha tatu vilitoa makoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, mekundu yenye kitovu cheusi, kama macho ya changu aliyetoka majini. Nilipoona zile sahani nilicheka peke yangu, kicheko cha aibu.

Walifanya na kipimo cha mwendo, ambacho ni rahisi na kinasema mengi: unawachoma kwenye jeli laini na kuangalia kama wanatawanyika. Walitawanyika. Maana yake si Gallinarum wala Pullorum, wale wawili wa kuku tu, ambao hawana mikia ya kuogelea. Tulikuwa na salmonela ya aina inayohamia na kwa watu. Iliyotoka kwenye ini ilifanana nayo kwa kila kipimo tulichokuwa nacho. Bila kusoma vinasaba siwezi kuapa kwamba ni ndugu wa baba mmoja, lakini kwa maamuzi ya bandani inatosha.

Iliingiaje mara ya kwanza? Mlango haukuwa mmoja. Enteritidis inaweza kuja na kifaranga kutoka kwenye yai. Panya wanaibeba. Mijusi wa ukutani wanaibeba, na tulipopanda kufungua simtank tulikuta kifuniko kimepasuka na mjusi mmoja amekauka kwenye ukingo. Mwalimu alimtazama akasema, "Kumbe mgeni alilala humu." Sikutaka tumsingizie marehemu, lakini kifuniko kilibadilishwa siku hiyo.

Kuna jambo la nyumbani lililokwenda sambamba na haya. Mjukuu wake wa miaka minne alipata homa na kuhara wakati wa kundi la pili. Alipimwa damu kwa kipimo cha Widal, wakaambiwa ana taifodi, akapewa dawa, akapona. Mtaani ikawa: kuku wa Mwalimu wana taifodi, wamemwambukiza mtoto. Wateja wawili wakapotea. Nililazimika kukaa na watu barazani nieleze. Taifodi, homa ya matumbo yenyewe, inaletwa na Typhi, na Typhi hukaa kwa binadamu tu. Kuku hana. Lakini salmonela za kuku zinaweza kumharisha mtoto na hata kumtia homa. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kinga za mwili dhidi yake, na Enteritidis na Typhi wamevaa koti linalofanana, kwa hiyo kinga ya mmoja inaweza kumshtaki mwingine. Mtoto yule alikuwa anachezea koki ya ndoo ya dawa. Sina shaka kubwa moyoni alikoupata, ila kinyesi chake hakikuoteshwa, basi naliacha hapo.

Mzee mmoja pale barazani, mvuvi, aliuliza kama salmonela ni ugonjwa wa samaki, maana aliwahi kusikia samaki wa kopo anaitwa salmoni. Swali zuri. Jina limetokana na mtu, Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Aliyemkuta bakteria mwenyewe, kwa nguruwe, mwaka 1885, alikuwa msaidizi wake Theobald Smith. Bosi akabaki na jina. Baraza zima lilicheka kwa kuelewa.

Na kwa kuwa Typhi imetajwa: ujenzi huu wa utando hauishii kwenye mabomba. Kwa binadamu wachache waliopona taifodi, Typhi hubaki kwenye mfuko wa nyongo, hasa penye vijiwe. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa na John Gunn wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walionyesha utando huo juu ya vijiwe vya wagonjwa kutoka Mexico. Nyongo, inayoua bakteria wengine, inamsaidia huyu kujenga. Mtu hana homa, anapika, anahudumia, na dawa ya wiki moja haimfikii aliye juu ya kijiwe. Bomba la Mwalimu na mfuko wa nyongo ni mambo mawili yaliyo mbali, lakini hila ni moja.

Tulifanya nini basi. Sehemu hii ilichukua siku tatu na gharama yake haikufika bei ya kopo moja la antibayotiki tuliyokuwa tukinunua.

Kuku waliobaki walihamishiwa vyombo vya kawaida vya maji, vile vya kupindua, vinavyosuguliwa kila asubuhi. Bomba likashushwa. Kwanza sabuni na kusugua, na hapa kijana alinishinda akili: alifunga kitambaa kigumu kwenye mshipi wa kuvulia, akaupitisha mshipi ndani ya bomba, akavuta. Kitambaa kilitoka upande wa pili kama kimepitishwa kwenye tope la mikoko. Alirudia mpaka kikatoka na rangi yake. Chuchu zote zilichomolewa kwanza, la sivyo kitambaa kinanasa, zikalowekwa pembeni.

Baada ya kusugua, ndimu ya unga, ile wanayotilia achari, gramu 400 kwenye maji lita 20, tukajaza bomba na kuliacha usiku kucha. Asubuhi magamba yalikuwa yamelainika na kutoka kama uji mwepesi. Tukasuuza sana. Nasisitiza kusuuza kwa sababu asidi ikikutana na klorini inatoa hewa ya sumu inayoweza kumwangusha mtu ndani ya banda. Vitu hivyo viwili havikai hata kwenye ndoo moja. Ndipo klorini, safari hii miligramu 50 kwa lita, gramu 77 za unga kwa simtank lote, ikapita kwenye bomba na kukaa saa 12 bila kuku kuigusa. Kisha kumwaga, kusuuza, kukausha juani.

Bomba hilo lote linabeba maji yasiyofika lita tatu. Ukilipasua na kulitandaza, ukuta wake wa ndani ni zaidi ya nusu mita ya mraba, kama meza ndogo ya chai. Hakuna mpishi anayeweza kuandalia watu chakula kwenye meza isiyofutwa miezi minane.

Fundi alilirudisha likiwa limekatwa vipande vinne vyenye viungo vya kufungua kwa mkono, na mwisho pakawekwa koki badala ya kizibo. Koki hiyo inafunguliwa kila Jumamosi maji yakimbie kwa nguvu, na kila baada ya kundi bomba linamwagwa na kuachwa kavu. Salmonela iliyokwisha kujenga huweza kustahimili ukavu miezi kadhaa, kwa hiyo kukausha peke yake si dawa. Ni kuwanyima muda wa kuongeza nyumba. Glukosi na vitamini viliondolewa kabisa kwenye bomba. Vinatolewa kwenye vyombo vya kupindua, na vyombo vinasuguliwa.

Sisemi mfumo wa chuchu ni mbaya. Ukitunzwa, ni msafi kuliko sahani ambayo kuku anaikanyaga na kuinyea. Ninachosema ni kwamba uchafu wa sahani unauona kwa macho, wa bomba unausoma kwenye daftari la vifo.

Kundi la nne lilikuja Novemba. Kwenye wiki tatu za kwanza wamekufa 7: wawili, watatu, wawili. Mwalimu alinisomea kwa simu, chumba kwa chumba, kama anayeita mahudhurio, kisha akanyamaza nisikie. Nilichukua tena vijiti vya pamba kwenye viungo vyote vinne. Kimoja, cha kiungo cha tatu, bado kilitoa salmonela, makoloni mawili tu. Tulipokifungua tulikuta mpira wa ndani una mkunjo, na kwenye mkunjo kulikuwa na utelezi usioonekana mpaka uupitishe ukucha. Tukabadilisha mpira. Vijiti vya mwezi uliofuata havikutoa kitu.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Kitambaa cha kijana kimechakaa, na yeye ameona brashi ndefu ya kuoshea chupa za mtoto, ya mjukuu wake mdogo, anauliza kama itaingia kwenye bomba la nusu inchi. Nikamwambia itaingia, lakini ikishaingia bomba isirudi jikoni.

"Sasa mtoto ataoshewa na nini?"

"Nunua mbili, Mwalimu."